Kalatasi ya Babu: Wiki Moja Kutoka Ramisi Hadi Newala

Siku ya kwanza, Jumatatu. Ramisi – Lunga Lunga – Tanga

Kitambulisho cha Babu tulikirudisha serikalini wiki ile ile aliyofariki. Ndiyo sheria ya Kenya, aliyekufa kipande chake hurudishwa. Alikisubiri karibu miaka sitini, akakaa nacho sita. Bahati nzuri Mama alikuwa amekipeleka dukani kikatolewa nakala ya rangi, mbele na nyuma, na nakala hiyo ndiyo ninayo kwenye begi, imefunikwa plastiki na kufungwa ndani ya kanga pamoja na picha yake moja. "Hiyo ni ya kwenda na kurudi," Mama aliniambia nikipanda matatu. Tangu hapo nimelipapasa begi njia nzima kama niliyebeba mayai.

Naifuata njia ya Babu kinyumenyume. Yeye alitoka uwanda wa Mueda, kaskazini ya Msumbiji, akavuka mto Ruvuma, akakata mkonge Lindi, akakata mkonge Tanga, mwisho akatua kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi, Kwale. Ilimchukua miaka minne. Mimi nimejipa wiki moja, basi na bodaboda. Mwisho wa njia, Newala, kusini ya Tanzania, yuko bibi mmoja anayesemekana ni dada yake wa tumbo moja. Tumempata miezi miwili tu iliyopita: kijana mmoja muuza korosho alimsikia Mama akitaja ukoo wao pale sokoni Ukunda, akaduwaa, akaomba picha ya Babu, akaituma kwao kwa simu. Jibu lilirudi baada ya siku tatu, neno moja: "Nani?"

Pale Lunga Lunga nimepanga foleni na pasipoti yangu. Afisa ameifungua, amenitazama, amepiga muhuri. Dakika nne. Nimeuangalia ule muhuri hadi wino ukakauka. Babu alipita hapa karibu na 1958, kwa miguu, na hakuulizwa kitu, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa chini ya Mwingereza na mwenye shamba alitaka mikono tu. Maswali yalikuja baada ya uhuru. Watu wakaandikishwa, wakapewa vipande, na Wamakonde wa Kwale, kabila la Babu, wakaambiwa nyinyi si wa hapa. Wa wapi basi? Hilo halikuwa na mtu wa kulijibu.

Babu hakuweza kutamka "r". Alisema "kalatasi". Kwetu neno hilo likawa la nyumba nzima: hadi leo mtoto akitafuta daftari lake huuliza kalatasi zangu ziko wapi, na hakuna anayemcheka.

Nimefika Tanga jua linazama. Nimekula mihogo ya nazi Ngamiani, nimelala.

Siku ya pili, Jumanne. Muheza

Leo nimekwenda kuutazama mkonge. Nilidhani nitautazama nusu saa nirudi. Nimekaa hadi alasiri.

Kwanza kuna ile harufu. Kwenye korona, mashine inayosaga majani na kuacha nyuzi, maji ya kijani yananuka uchachu unaoshika kooni. Babu alikuwa akisema alikaa na harufu hiyo mwilini mwaka mzima baada ya kuacha kazi, na Bibi alipomkubali alimkubali pamoja na harufu. Katani iliyoanikwa kwenye kamba, nyeupe, mistari kwa mistari, inapendeza mno. Ukiitazama kutoka barabarani huwezi kujua kwamba ncha ya jani ina mwiba unaotoboa kiatu.

Mzee mmoja aliyezeekea shambani amenikalisha chini ya mwembe. Nilipomtajia Msumbiji akacheka: "Ah, Mmawia!" Ndivyo walivyoitwa hapa. Watoto walitishwa nao, kwa sababu ya chale usoni na meno yaliyochongwa. Babu alilijua jina hilo na halikumuudhi. Alisema liliwasaidia, maana hakuna aliyethubutu kuwaibia.

Huyo mzee ndiye aliyenieleza habari ya kipande, na hapo nimekaa kimya. Sisi Kenya tunaita kitambulisho "kipande" bila kufikiri. Hapa kwenye mkonge kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye visanduku thelathini. Ukimaliza mgao wako wa siku, mnyapara anakitia alama kisanduku kimoja. Usipomaliza, siku hiyo haikuwapo. Visanduku vikijaa thelathini ndipo unalipwa, hata kama mwezi wa kalenda umekwisha zamani. Na wewe mwenyewe ni namba. Ndiyo asili ya neno manamba.

Kwa hiyo kalatasi ya kwanza ya Babu maishani ilikuwa ile. Sijui kama aliitunza. Sikumuuliza, nami nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kumuuliza.

Na mkonge wenyewe ni mhamiaji, jambo linalonifurahisha. Asili yake ni Mexico. Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 ikatoka Tanganyika iliyoongoza duniani kwa katani, ikaja na mahitaji ya watu, watu wakatoka Kigoma, Rwanda, Burundi, Msumbiji. Kisha nailoni ikaja, bei ikaanguka, mashamba yakamea vichaka. Mmea ulipewa uraia siku ya kwanza.

Upande wa pili wa mto Ruvuma mambo yalikuwa mabaya zaidi, ndiyo maana walivuka. Mreno aliwalazimisha kulima pamba kwa bei aliyoipanga mwenyewe, na kuna kazi ya shuruti waliyoiita shibalo: unachukuliwa, humjui anayekuchukua, hujui utarudi lini. Babu alikuwa na miaka kama kumi na minane alipoondoka. Kitambulisho kiliandika alizaliwa 1936, kwa kukisia, tarehe mosi Januari. Wazee wengi wa Kimakonde wa Kwale wana tarehe hiyo hiyo. Tukitaka kuwaandalia siku ya kuzaliwa tungehitaji ng'ombe mzima.

Siku ya tatu, Jumatano. Tanga – Dar es Salaam

Basi. Segera machungwa, Chalinze foleni. Nimelala nusu ya njia.

Jioni mwenyeji wangu amenipeleka Mwenge kwenye vinyago, akidhani nitalia. Mipingo ile inang'aa, ujamaa zile za watu waliopandana mabegani, mashetani yenye jicho moja. Kazi ya mkono wa hali ya juu, sikatai. Lakini Babu hakuwa mchongaji. Watalii wa Diani waliposikia ni Mmakonde walimuuliza vinyago vyake viko wapi, naye akawaonyesha mwiko. Alichonga miko tu, na yote ilipinda kushoto. Bibi alipika nayo miaka arobaini na hakuwahi kununua mwingine, na sisi wajukuu tukiolewa tulipewa mwiko uliopinda. Wangu ninao.

Siku ya nne, Alhamisi. Dar – Mtwara

Nimetoka Mbagala gizani. Njia ni ndefu, kilomita mia tano na zaidi, na inampa mtu nafasi ya kufikiri hata kama hakuja kufikiri.

Rufiji tumeipita kwa daraja la Mkapa bila basi kupunguza mwendo. Jirani yangu kwenye kiti, mama wa Kilwa, ameniambia kabla ya 2003 watu walilala hapa wakisubiri kivuko, na masika yakishika kusini yote ilikuwa kisiwa. Somanga tumeona palipokatika Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoibeba barabara. Magari yanapita polepole, konda ananyoosha shingo dirishani. Babu yeye alisema alitoka Lindi kwenda Tanga kwa meli, akatapika hadi akaapa hatapanda tena chombo cha maji. Kiapo hicho alikivunja kwa feri ya Likoni, na kila mara alifumba macho.

Nimwandike alivyokuwa, kabla sijafika kwa watu watakaoniuliza.

Alirudi kutoka shamba la miwa saa kumi na moja, na muwa mmoja begani. Alikaa kizingitini, akaumenya kwa panga, akaukata vipande akipima kwa kidole cha shahada, ili pasiwe na wa kulalamika. Tulikuwa saba nyumbani, pengine kumi, tukiongezewa watoto wa jirani. Aliyekuwa hayupo kipande chake kilichomekwa kwenye makuti juu ya mlango, na ole wa atakayekigusa. Nilirudi kutoka shule ya bweni mwisho wa muhula nikakikuta changu, kimekauka kama kuni. Alikuwa amekichomeka Januari.

Kisha magharibi alituhesabu. Si kwa majina, kwa vichwa, akitugusa mmoja mmoja utosini. Nadhani ndivyo alivyohesabiwa yeye shambani, ila yeye aliigeuza ikawa kitu kingine. Hesabu isipotimia hakuingia ndani. Kiwanda cha sukari kilipofungwa, mwishoni mwa miaka ya themanini, akabaki hana kazi na hana ardhi yenye hati, muwa ukakoma kwa muda. Kuhesabu hakukukoma.

Mama aliandikishwa kwa jina la mjomba wake, Mdigo, upande wa Bibi. Ndivyo wengi walivyofanya ili mtoto apate cheti na asome. Kwa hiyo kwenye kila karatasi ya serikali Babu hakuwa na binti. Yeye alilijua hilo, yeye ndiye aliyekwenda kumwomba shemeji yake. Alivaa shati jeupe siku hiyo, anasimulia Mama, akapeleka kuku.

Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi, kuanza kwa miguu, kumwona Rais. Babu alikuwa na miaka themanini kwa hesabu ya kukisia. Tulimkataza. Aliondoka tumelala. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kufikia Desemba, na mwanzoni mwa 2017 Wamakonde wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Babu alirudi na miguu imevimba na chupa ya maji ya plastiki aliyopewa njiani, hakutaka itupwe.

Nilidhani kadi ikija atalia, au ataibusu kama wale wa kwenye televisheni. Aliitia mfukoni akaenda duka la M-Pesa. Miaka kumi alitumia laini ya jirani, kwa kuwa bila kitambulisho husajiliwi. Akasajili yake, akamtumia Mama shilingi hamsini. Simu ya Mama ikalia: umepokea Ksh50 kutoka kwa, na jina la Babu lote, kwa herufi kubwa. Mama amebadilisha simu mara mbili tangu hapo. Ujumbe ule hajaufuta. Ameuhamisha.

Tumefika Mtwara usiku. Nakala ipo, haijapinda.

Siku ya tano, Ijumaa. Mtwara

Tumbo. Chapati za njiani, nadhani. Nimelala siku nzima. Mwenye nyumba ya wageni ameniletea uji na ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, akasema mtu wa kusini haponi bila ming'oko. Nimekula mitatu.

Siku ya sita, Jumamosi. Newala

Lami imeishia Mnivata, mbele wanajenga. Vumbi jekundu, mikorosho pande zote, na chini ya mikorosho akina mama wakiokota. Ni msimu: mabibo mekundu na ya njano yamelala chini, harufu yake tamu ya kulewesha inaingia dirishani. Kila kituo watu wanazungumza mnada, mnada, kilo shilingi ngapi.

Aliyenipokea stendi ni kijana wa bodaboda, kama miaka thelathini na mitano, mrefu, mwenye pengo. Akanisalimia: "Karibu, mjukuu wangu."

Nikadhani utani. Nikacheka, nikapanda. Njiani akaendelea: "Hujachoka, mjukuu?" Nikanyamaza.

Bibi amekaa kwenye mkeka chini ya mkorosho, mdogo kama mtoto, chale za usoni zimeingia ndani ya makunyanzi, na juu ya mdomo tundu dogo lililojifunga, mahali palipokuwa ndonya, lile pambo la mdomoni. Nimepiga magoti. "Shikamoo Bibi." "Marahaba." Nimetoa kanga, nimetoa picha, nimetoa nakala. Ameitazama picha muda mrefu, akaiweka chini.

"Huyu tulimlilia," akasema.

Ndipo nikasikia habari ambayo hakuna wa Ramisi anayeijua. Vita vilipoanza Msumbiji, mwaka 1964, yeye na mama yake walivuka Ruvuma usiku kwa mtumbwi, wakapelekwa kambi ya wakimbizi Rutamba, Lindi. Mama yake aliwauliza wote waliorudi kutoka mashamba ya mkonge: mmemwona mwanangu? Mmoja akasema amemwona, amezikwa Tanga. Alikuwa Mmawia mwingine mwenye jina hilo. Basi wakanyoa nywele, wakakaa matanga pale kambini, wakamaliza. Mama yake alikufa akijua amemtangulia mwanawe. Na mjukuu wa bibi huyu alipozaliwa wakampa jina la marehemu, ili lisipotee. Ndiye wa bodaboda. Kwa Wamakonde ukoo hufuata kwa mama, kwa hiyo jina limekaa hasa panapotakiwa, kwenye damu ya dada yake. Alikuwa Babu tangu alipozaliwa. Mimi ndiye nimechelewa.

Bibi akaanza kuhoji. Alioa? Ndiyo. Wangapi? Mmoja. Akaguna. Watoto? Saba. Wajukuu? Ishirini na wawili. Alikunywa? Kidogo. Alipiga mkewe? Hapana. Kisha akanigeukia na jicho moja, la pili lina mtoto wa jicho.

"Mbona hakuja?"

Nikamwambia hakuwa na karatasi.

"Sisi tulivuka bila karatasi." Alisema kwa hasira, hasira ya miaka sitini, na mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Nilihisi uso unawaka. Nilitaka kumwambia habari za polisi wa barabarani, misako, watu waliobebwa kwenye malori. Lakini nikakumbuka alivyonijibu mwenyewe nilipomuuliza hilo hilo, nikiwa kidato cha pili, yeye akitugusa utosini.

"Kuvuka angeweza, Bibi. Alisema hana kalatasi ya kumrudisha. Alisema, nikikwama huko, nani atawahesabu hawa?"

Nilisema "kalatasi" bila kukusudia. Bibi alinyamaza. Akaiokota picha, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga.

"Anasema kama sisi," akasema.

Mchana wazee wa ukoo walikuja. Shauri lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia: mtu amekwisha kuliliwa mara moja, je, analiliwa tena? Mjomba mkubwa alisema hapana, matanga hayarudiwi, na akikaliwa mara mbili huyu kijana mwenye jina atakuwa katika hali gani? Mwingine akasema lakini safari hii ni kweli. Walibishana kwa Kimakonde, nikishika neno hapa na pale. Mwisho wakakubaliana: hapana kunyoa, hapana kukaa. Kupika tu. Tukala ugali wa muhogo na kisamvu, na Bibi alinitilia mwenyewe, akapima kwa jicho, akaninyang'anya kidogo akampa mtoto aliyekaa karibu nami ili tulingane.

Siku ya saba, Jumapili. Shimo la Mungu

Nilitaka kwenda Mueda. Wote wamekataa, na nimeona wana haki. Tangu mashambulizi yaanze Cabo Delgado mwaka 2017 watu wanavuka kuja huku, hawavuki kwenda kule.

Kwa hiyo asubuhi kijana amenipakia hadi Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji, mahali ardhi inapokatika ghafla na macho yakabaki hayana pa kukanyaga. Chini kabisa bonde, ukungu, na ndani ya ukungu mstari mwembamba. Ruvuma. Ng'ambo yake bluu tupu, Msumbiji. Upepo ni baridi. Tumekaa juu ya jiwe tukitafuna korosho alizozibeba mfukoni. Amenionyesha kwa kidole: Mueda ni huko. Nami nikatazama huko. Siwezi kusema niliona kitu.

Mama akapiga simu. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko Ramisi. Akauliza nimekula nini, nakala iko wapi, bibi ni mzima, kisha akauliza niko na nani. Sikujua pa kuanzia. Nikampa kijana simu.

Akaipokea kwa mikono miwili, akakohoa. "Hujambo, binti yangu," akasema, akataja jina lake lote.

Mama ana miaka sitini na mmoja. Sikusikia kitu kwa muda, nikadhani laini imekatika. Kisha sauti yake ikatoka, nyembamba, hadi mimi niliyekaa pembeni nikaisikia.

"Shikamoo, Baba."